Siku Nilipokataa Kuzima Injini

Mwana wa binti yangu anafanya kazi kwenye mitambo ya kuzalisha stima, huu umeme, inayotumia mvuke wa ardhini, huko nyuma ya Naivasha. Mwaka jana alikuja nyumbani na kompyuta yake, akaiweka mezani kando ya chai yangu, akanionyesha programu inayochunga vyuma vya mtambo. Inajua mtambo umewashwa mara ngapi, umezimwa mara ngapi, umepata moto na kupoa mara ngapi, na kutokana na hayo inawaambia ni chuma gani kimechoka na kinakaribia kupasuka. "Guka," yaani babu, akaniambia, "chuma hakichoki kwa kufanya kazi peke yake. Kinachoka zaidi kwa kuwashwa na kuzimwa." Alinieleza polepole na kwa sauti kubwa, kama ninavyoelezwa kila kitu siku hizi.

Nilimwambia anywe chai ipate kuisha. Hayo mambo niliyajua kabla mama yake hajazaliwa, na kambi nzima ilinichukia kwa sababu yake. Nikamwambia pia kwamba kompyuta yake ina bahati, maana kompyuta haina shemeji. Akacheka sana. Mimi sikuwa namchekesha.

Ilikuwa miaka michache baada ya Uhuru. Nilikuwa nimeacha kazi katika karakana moja kubwa mjini Nakuru, ambako kwa miaka nilikagua vyuma: kugonga kwa nyundo na kusikiliza, kutafuta nyufa. Sikufukuzwa. Niligombana na msimamizi, nikamtupia aproni yake miguuni, nikaenda zangu. Mdomo wangu ndio uliokuwa ukinifukuzisha kazi kila mahali, na mpaka leo siujutii.

Kaka ya mke wangu alikuwa mwendesha injini kwenye kiwanda cha mbao juu ya Molo, kwenye ile barabara ya kupanda Kuresoi. Akamtumia dada yake salamu: watu wa bima wanamsumbua mwenye kiwanda, wanataka mtu wa kukagua mitambo, basi bwana yako aje. Nikaenda. Shemeji alinipokea kituoni Molo akiwa amevaa koti lake la kanisani, na kabla hatujafika kambini alikuwa ameniambia mara tatu kwamba kazi hii nimeipata kwa sababu yake. Nikamwambia nimesikia. Akasema mtu akisaidiwa hushukuru. Nikamwambia nitashukuru nikilipwa. Uadui wetu ulianzia hapo barabarani, hata mizigo yangu haijashuka.

Injini yenyewe ilikuwa ya mvuke. Boila ilikula maganda ya miti na unga wa msumeno, injini ikazungusha gurudumu la chuma refu kuliko mtu, nusu yake ikiwa imezama ndani ya shimo la saruji. Kutoka kwenye gurudumu lile ndiko misumeno yote ilikopata nguvu, na mashine ndogo ya stima iliyowasha taa za kambi. Katikati ya gurudumu kulikuwa na kitovu, na kutoka kwenye kitovu vyuma vinene vilielekea ukingoni, tuliviita mikono. Kigoda cha shemeji kilikaa kati ya gurudumu na ukuta, karibu na mpini wa mvuke. Hapo ndipo alipokaa mchana kutwa, kidevu juu, kama chifu.

Sasa nieleze jambo ambalo watu wa pale walilijivunia. Kiwanda kilikuwa kando ya barabara, na makaburi ya kambi yalikuwa mlimani, mbele ya kiwanda. Wengi wa wale watu hawakuwa na shamba hata la kuzikia mtu, kwa hiyo wote walipelekwa kule juu, ndani ya majeneza ya mbao zetu. Zamani injini ilikuwa ikifunika sala ya mchungaji kwa kelele zake. Ndipo shemeji, mzee wa kanisa, alipojitungia sheria: maiti ikipita, injini inanyamaza. Ile kambi iliishika sheria hiyo kuliko amri kumi.

Lakini gurudumu zito vile, hata ukifunga mvuke, linaendelea kuzunguka lenyewe kwa muda mrefu. Kwa hiyo shemeji alikuwa na boriti moja ya mutarakwa, ule mwerezi wa mlimani, nene, aliyoiegemeza ukutani. Akiona jeneza limefika konani, anafunga mvuke, anakamata ile boriti, anaikandamiza kwenye ukingo wa gurudumu kwa kifua chake. Moshi unatoka, mbao inalia, gurudumu linaguna na kusimama. Halafu kimya kinaanguka juu ya kambi yote mpaka unasikia miguu ya watu barabarani. Wanaume wanavua kofia. Wanawake wanapita wakimtazama shemeji pale mlangoni, naye ameweka mikono nyuma. Hapo alikuwa mtu mkubwa kuliko mwenye kiwanda.

Wakishapita, inabidi kuwasha upya. Injini ya namna ile ikisimama mahali pabaya haianzi yenyewe. Lazima mtu achukue mtaimbo, auchomeke kwenye matundu ya ukingo wa gurudumu, alisukume kwa mwili wake mpaka lipite pale panapogoma, kisha mvuke ufunguliwe na gurudumu lishtuke kuanza safari. Kazi ya mtaimbo ilikuwa ya shemeji peke yake. Hakuna mtu aliyeruhusiwa kuushika.

Mimi kazi yangu ilikuwa rahisi kueleza na ngumu kupendwa. Dereva mmoja wa lori alikuwa ameniletea debe la ule udongo mweupe, laini, unaochimbwa upande wa Kariandusi. Udongo ule unanyonya mafuta vizuri sana. Chuma kikiwa kimesimama, nakisugua mpaka kinakuwa safi, nakipaka mafuta ya taa, nangoja yaingie. Nayapangusa mpaka kinakauka kabisa. Kisha nakinyunyizia ule unga. Kama chuma ni kizima, unga unabaki mweupe. Kama kina ufa, hata ule ambao jicho halioni, mafuta yaliyojificha ndani yanatoka polepole na kuchora mstari mweusi juu ya weupe. Hakuna haja ya kubishana. Mstari upo au haupo.

Injini ilikuwa ikizimwa kila jioni, lakini jioni haikubanwa. Shemeji alifunga mvuke akaenda nyumbani, gurudumu likajisimamia lenyewe. Ni wakati wa maiti tu ndipo lilipobanwa kwa boriti. Siku ya mazishi ya mlinzi mmoja mzee, watu wote wakiwa wamevua kofia, mimi niliingia shimoni na brashi yangu. Ndipo nilipouona. Mstari mfupi, urefu wa njiti ya kiberiti, pale mkono mmoja unapotoka kwenye kitovu. Nikatia tone la rangi nyekundu mahali mstari ulipoishia, nikatoka. Shemeji akaniuliza kama sina haya kutambaa chini ya gurudumu watu wakiomboleza. Nikamwambia gurudumu lake lina ufa. Akasema gurudumu lile lilikuwa pale kabla sijajua kufunga viatu.

Nililifuata lile tone la nyekundu kwa miezi. Wiki ambazo hakuna aliyekufa, mstari haukulipita. Wiki ya mazishi, ulilipita, nikatia tone jingine. Sikuhitaji mtu wa kunisomea maana yake. Kuzunguka hakukuwa kunaliua gurudumu. Lilikuwa likiuawa na kule kubanwa ghafla kisha kushtuliwa, kubanwa na kushtuliwa. Halafu Julai ikaja na ile baridi ya Molo inayoingia mpaka kwenye mfupa, na surua ikaingia kambini. Watoto. Sipendi kuzungumza habari za mwezi ule. Majeneza mafupi yalipita mbele yetu, shemeji akabana na kuwasha, akabana na kuwasha, na mstari wangu ukafika nusu ya mkono.

Nilimwendea mbele ya watu. Nilimwambia peupe kwamba gurudumu likipasuka litapasuka wakati wa kuwasha, na wakati wa kuwasha ni yeye anayesimama mbele yake na mtaimbo. Litamsambaza ukutani. Nilitumia neno hilo hilo.

"Sasa unataka nifanye nini?" akaniuliza. "Niwaambie wafu wangoje?"

"Liache lisimame lenyewe. Usilibane."

"Likisimama lenyewe, maiti itakuwa imeshafukiwa."

"Basi apite na kelele. Yeye hasikii."

Hapo watu walinung'unika, na mwanamke mmoja aliyekuwa amezika mtoto juma lile aliniangalia kwa namna ambayo bado naikumbuka. Nilikuwa nimesema kweli, na niliisema vibaya. Shemeji akanigeuzia mgongo, akaanza kulipangusa gurudumu kwa kitambaa, taratibu, kama mtu anayemwosha ng'ombe wake.

Nikaenda kwa mwenye kiwanda, Mhindi mzee aliyerithi kiwanda kwa baba yake, mtu mkimya na mkaidi. Nilimtaka asimamishe kazi mpaka gurudumu lingine lipatikane. Akashuka shimoni mwenyewe na kilemba chake, akautazama mstari, akaugusa kwa kidole. Alikubali kuagiza gurudumu jipya kutoka ng'ambo siku hiyo hiyo. Kusimamisha kazi alikataa katakata. "Fundi," aliniambia, "nionyeshe namna ya kufanya kazi. Namna ya kulala najua mwenyewe." Nilimwambia mtu akifa atakuwa yeye ndiye aliyemuua. Akajibu kwamba kiwanda kikifungwa, kambi nzima itakula nini, mimi nitawapikia?

Tukapatana jambo moja, shingo upande. Kwa kuwa ubaya ulikuwa katika kusimama na kuanza, na ufa ulipofika pale hata kuwasha kwa asubuhi kulikuwa hatari, gurudumu lisisimame tena kabisa. Lizunguke mchana na usiku, mwendo ule ule, mpaka jipya lifike. Jioni tutatoa mikanda ya misumeno tu, moto uendelee kulishwa. Mwenye kiwanda alitoa amri mbele ya wote kwamba injini haizimwi kwa sababu yoyote. Alinitazama mimi alipokuwa akiitoa, ili watu waone ilikotoka.

Kambi ikapata taa usiku kucha, bure, na hakuna aliyelalamika habari ya taa. Lakini mimi nilikuwa nimejipofusha. Kuuona ufa nilihitaji gurudumu limesimama, na sasa halikuwa likisimama. Ule mstari ulikuwa mle ndani ukizunguka, na sikujua umefika wapi. Kila nilipopita karibu na nyumba ya injini nilitega sikio. Niliogopa, mbona nifiche.

Nilihamisha kigoda cha shemeji nikakiweka pembeni, mbali na njia ya gurudumu, ili likipasuka lisimkute. Akakirudisha. Nikakihamisha tena. Akakirudisha, akakipigilia misumari kwenye sakafu ya mbao. Siku moja nilipomkuta ameiegemeza ile boriti ya kubania karibu na ukingo, tayari kwa mkono wake, nikaibeba begani mpaka kwenye msumeno mkubwa, nikaipasua vipande mbele ya macho yake, nikavitupa ndani ya boila. Mtaimbo nikaufungia kwenye sanduku langu la vyombo. Alitoa kofia, akajifuta jasho, akaivaa tena.

Mazishi ya kwanza kupita na kelele yalikuwa ya mtoto mchanga. Mama yake alisimama barabarani akatazama mlango wa injini, akingoja. Shemeji alinyoosha kidole kunionyesha mimi. Tangu siku hiyo mke wangu alipokwenda bombani kuteka maji, wanawake walinyamaza mpaka aondoke. Alikuwa akirudi anaweka ndoo chini kwa kishindo, hanisemeshi. Nilimwambia kwamba namlinda kaka yake. Akasema kaka yake hakuniomba.

Katika ukoo ule wote mtu mmoja tu alinipenda, naye ni mama mkwe. Alikaa na shemeji, nyumba ya mwisho kambini. Alikuwa mwembamba, kifua kibovu, na ulimi wake ulikuwa mkali kuliko wangu. Nikiingia kwake nimefura, anacheka mpaka anakohoa. "Leo umegombana na nani, mwanangu? Na jiwe?" Ananimiminia uji kabla ya mtoto wake wa kuzaa, kwa makusudi, ili shemeji aone. Kwa kawaida mkwe hukaa mbali na mama mkwe, macho chini. Yeye hakuwa na habari na hayo. Alipoambiwa habari ya gurudumu aliuliza swali moja: "Litampiga mwanangu?" Nikamwambia ndiyo. Akasema, "Basi gombana nao."

Agosti kifua kikamzidi, akafariki.

Asubuhi ya kumzika, shemeji alinijia karakanani. Alikuwa hajanyoa. Ile sauti yake ya kifalme haikuwepo. Akasimama mlangoni, akasema, "Shemeji, leo tu."

Nilijua anachotaka. Nikaendelea kupiga tupa.

"Leo tu," akasema. "Nimewanyamazishia watu wote wafu wao. Hata watu nisiowajua. Mama yangu siwezi kumpitisha kwenye kelele. Nitalizima mwenyewe na nitaliwasha mwenyewe."

Hayo maneno ya mwisho ndiyo yaliyonikaza. Nitaliwasha mwenyewe. Nilimwona pale na mtaimbo, kifua kwenye ukingo, ule mkono wa chuma umebaki kuunganishwa na sijui nini. Nikamwambia angoje, nikaenda mbio kwa mwenye kiwanda. Nikamwomba, na mimi si mtu wa kuomba: tuzime leo, na ikizimwa isiwashwe tena mpaka gurudumu jipya. Akanieleza kwamba gurudumu jipya limeshashuka Mombasa, liko ndani ya treni, ni siku chache tu, wanunuzi wa mbao wamejaa mlangoni pake. Akasema pole kwa msiba, na kwamba kama mwendeshaji anataka kuzima kwa saa moja, azime, lakini jioni kazi irudi. Nikasema basi nitawasha mimi. Akainua mabega. Nikarudi kwa shemeji nikamwambia hivyo hivyo: zima, nitawasha mimi.

"Mtaimbo wangu?" akasema. "Siku ya mama yangu, ushikwe na wewe?"

"Ushikwe na mtu ambaye leo hana mama wa kuzika."

"Hutaushika nikiwa hai."

Kichwa kigumu namna gani. Nilijua nikizima atanipiga ngumi, atavunja sanduku, atauchukua, na wenzake wote watamsaidia, kwa sababu huko ndiko kumheshimu marehemu. Basi nikamwambia, "Hapana. Injini haizimwi." Nikaona uso wake ukibadilika mbele yangu, na najua ni dakika hiyo tulipoacha kuwa watu wa nyumba moja.

Mchana walipotoka kanisani, niliingia nyumba ya injini, nikamtoa nje kijana wa kulisha boila, nikateremsha komeo. Nilikuwa na spana kubwa mkononi. Kupitia dirishani niliwaona wakifika konani, jeneza mbele, shemeji ameshika upande wa kichwa, mke wangu nyuma yake amefunga leso nyeusi. Walipofika mbele ya kiwanda wakasimama. Wakaliweka jeneza juu ya viti viwili, katikati ya barabara, wakangoja.

Hakuna aliyepiga kelele. Ningependa wangepiga. Walisimama tu wakatazama mlango, wanaume kofia mikononi, na nyuma yangu gurudumu lilizunguka na kuunguruma. Shemeji alimpa mtu mwingine nafasi yake, akaja, akagonga. Kwanza kwa kiganja, kisha kwa ngumi, kisha kwa bega. Komeo lilikuwa la chuma. Aliniita kwa jina langu la ubatizo, ambalo hakuwahi kulitumia. Alisema, "Fungua, nakuomba." Kisha akanitukana, mimi na waliomzaa baba yangu. Sikufungua. Nilikuwa nalia, lakini kwa kelele ile hakuna aliyejua.

Mke wangu ndiye aliyemaliza. Aliacha kunitazama, akageuka kwenye jeneza la mama yake, akaanza kuimba. Niliona mdomo wake ukifunguka, sauti sikuisikia. Wengine wakamfuata. Wakalibeba jeneza wakapanda mlima, wote midomo wazi, na kwangu ilikuwa kama watu wanaoimba nyuma ya kioo. Shemeji alikuwa wa mwisho kuondoka mlangoni. Nami sikumzika mama mkwe wangu. Nilibaki na injini.

Mke wangu hakurudi nyumbani. Alikaa kwa kaka yake matanga yakaisha, akaendelea kukaa. Wazee wa ukoo wakaniita, wakanitaka nitoe kondoo wa kuomba radhi. Niliwaambia sitoi hata mkia. Waliponiuliza ni mtu wa namna gani anayemtukana mama mkwe ndani ya jeneza, niliwaambia marehemu mwenyewe aliniagiza nigombane. Walidhani nimeingiwa na wazimu.

Kisha gurudumu jipya likafika kwa lori kutoka kituoni. Nikafunga mvuke mwenyewe na nikaliacha lile la zamani lizunguke mpaka lichoke. Lilichukua muda mrefu. Kambi yote ilisikia kile kimya kikija kidogo kidogo, watu wakatoka majumbani kutazama nani amekufa. Nilishuka shimoni na mafuta yangu na ule unga mweupe, lakini unga haukuwa na kazi tena. Ufa ulionekana kwa macho. Ulikuwa umekwisha kuuzunguka mkono wote isipokuwa mahali padogo, kama upana wa kidole gumba.

Tukafunga minyororo, tukaanza kulinyanyua. Lilikuwa limeinuka kidogo tu kutoka mahali pake tuliposikia mlio mdogo, mkavu, na ule mkono ukakatika kwenye kitovu. Mkono wa pili ukafuata, kisha kipande cha ukingo kikaanguka na kupasua sakafu pale pale kigoda kilipokuwa kimepigiliwa misumari. Kigoda kikawa kuni. Hakuna aliyeumia, kwa sababu niliwafukuza wote pembeni kwa matusi.

Shemeji alikuwa mlangoni. Alikuja polepole, akatazama vile vipande vya kigoda chake. Akainama, akapitisha kidole kwenye mahali chuma kilipokatikia, penye kutu ya zamani pembeni na pale padogo palipokuwa papya na kung'aa. Alielewa. Alikuwa mtu wa injini, hakuhitaji kuelezwa na mimi. Nilingoja. Nasema wazi kwamba nilingoja neno.

Akasimama wima, akajipangusa mikono.

"Mama yangu alipita na kelele," akasema.

"Na wewe upo hapa unaniambia."

"Afadhali lingeniua."

Akavaa kofia, akatoka. Mke wangu alirudi nyumbani wiki hiyo, akawasha moto, akapika. Baada ya kula aliniambia kwamba ameona vile vyuma, na kwamba haniombi msamaha, na mimi nisimwombe. Tumeishi hivyo, na tumeishi vizuri. Lakini kila mwaka anapokwenda kupalilia kaburi la mama yake huenda bila mimi.

Shemeji hakukaa sana pale. Miaka ya sabini ilipoingia, nguzo za stima zikafika, injini ikauzwa kama vyuma chakavu, naye akapata kishamba upande wa Kuresoi, akalima viazi. Harusi za watoto wake sikualikwa. Watoto wangu waliambiwa wana mjomba, wakaenda kumwona, wakarudi na magunia ya viazi ambayo mimi nilikatazwa kula.

Mara ya mwisho kumwona ilikuwa soko la Molo, kuelekea mwisho wa miaka ile. Nilikuwa nanunua kamba. Aliniona kabla sijamwona, maana nilipoinua macho alikuwa ameshasimama, ananitazama, nywele nyeupe zote. Nilifungua mdomo; sijui ningesema nini. Akatema mate chini, si mbali na kiatu changu. Kisha akainama, akajitwika gunia zima la viazi begani bila kusaidiwa na mtu, akavuka barabara ili asipite karibu nami, akaanza kupanda kilima. Nilisimama na kamba yangu mkononi nikamtazama mpaka akapotea. Hakupumzika hata mara moja. Mzima kabisa.